Barua ya wazi kwa watengenezaji wa tabuleti zetu: kiraka cha mistari miwili kimekwama kwenu

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Mkuu wa Idara ya Programu,
Mkuu wa Huduma kwa Wateja wa Taasisi.

Waheshimiwa,

YAH: UDHAIFU WA CVE-2022-0847 KATIKA KERNELI YA TABULETI ZENU

Poleni na majukumu. Mimi ni msimamizi wa mifumo katika taasisi ya afya iliyonunua tabuleti zenu kwa ajili ya kusajili wagonjwa na kutunza taarifa zao. Suala hili nimelileta kwenu kwa kila njia mliyotuelekeza: tovuti ya huduma, barua pepe ya usalama, hadi wakala aliyetuuzia. Kilichorudi ni namba za tiketi na ujumbe wa kutushukuru kwa uvumilivu ambao sikumbuki kuuonyesha. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Jina la kampuni yenu sikulitaja, wala aina ya tabuleti. Si woga. Kumtaja mtengenezaji ambaye hajaziba udhaifu ni kuwaelekeza wadukuzi pa kuanzia, na watakaoumia ni watumiaji, si ninyi. Mnajijua, na tiketi zetu mnazo.

Kabla ya malalamiko nieleze udhaifu wenyewe, kwa sababu majibu mliyonipa yananifanya niamini kwamba barua zangu hazijawahi kumfikia mtu anayeujua.

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na mashine. Programu ikitaka kusoma faili, kutuma data au kuwasha kamera, haijichukulii tu. Inaiomba kerneli, na kerneli ndiyo inayoamua nani apewe nini. Ruhusa za mafaili, uzio unaotenganisha programu moja na nyingine, hata nywila, vyote vinategemea kerneli kukataa pale inapopaswa kukataa.

CVE-2022-0847 (CVE ni namba ya kutambulisha udhaifu wa usalama uliotangazwa), uliopewa jina la Dirty Pipe, ni mahali ambapo kerneli ya Linux, ambayo ndiyo Android ya tabuleti zenu inayoitumia, ilishindwa kukataa. Ikisoma faili kutoka kwenye diski, kerneli hulihifadhi kwa muda katika kumbukumbu, kwa vipande viitwavyo kurasa, kwa kawaida vya baiti 4,096 kila kimoja, ili likiombwa tena lisisomwe upya. Linux pia ina bomba: programu moja inamimina data upande huu, nyingine inachota upande ule. Kuna wito wa mfumo uitwao splice unaoweza kupitisha ukurasa wa faili ndani ya bomba bila kuunakili. Bomba linaelekezwa tu kwenye ukurasa uleule uliomo kwenye kumbukumbu. Sasa, kila nafasi ndani ya bomba ina alama zake, na mojawapo inaiambia kerneli kwamba data mpya ikija iunganishwe papo hapo, kwenye ukurasa uliopo. Alama hiyo haifai kabisa kuwepo juu ya ukurasa wa faili. Lakini kerneli ilipokuwa ikiandaa nafasi, haikufuta alama zilizosalia kutoka matumizi yaliyotangulia. Hivyo mtu aliyeruhusiwa kulisoma faili tu akaweza kuandika ndani yake, hata kama faili ni la mfumo na yeye ni mtumiaji asiye na mamlaka yoyote. Akibadilisha faili sahihi, anakuwa mkuu wa mashine nzima.

Kosa la kutosafisha alama liliingia kwenye msimbo mwaka 2016, likawa hatari kamili toleo la 5.8 lilipotoka mwaka 2020. Aliyeligundua, Max Kellermann, hakuwa akiwinda udhaifu. Aprili 2021 alipokea lalamiko kwamba faili la rekodi za seva, lililobanwa, linagoma kufunguka, na miezi iliyofuata yakaja mengine ya aina hiyohiyo. Alipoyachunguza akakuta baiti nane za mwisho wa faili zimefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na baiti nane nyingine, zilezile kila mara: mwanzo wa kichwa kimoja cha faili la ZIP. Wengi wetu tungelaumu diski na kuendelea na kazi nyingine. Yeye alifuatilia baiti hizo nane mpaka ndani ya kerneli, na kwa maoni yangu huo ni uchunguzi safi kuliko mwingi unaotangazwa kwa mbwembwe katika fani yetu.

Malalamiko yangu kwenu ni haya.

1. Kiraka kipo, na kimekuwepo muda wote.

Kellermann alituma taarifa na kiraka, yaani marekebisho mafupi ya msimbo ya kuziba kosa, kwa timu ya usalama ya kerneli ya Linux tarehe 20 Februari 2022. Tarehe 23 matoleo yaliyorekebishwa yalikuwa yametoka: 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Tarehe 24 Google ilikuwa imekiingiza kiraka kwenye kerneli ya Android. Tarehe 7 Machi maelezo yote yakawekwa wazi, pamoja na programu fupi ya kuonyesha udhaifu unavyofanya kazi.

Kiraka chenyewe kinaongeza mistari miwili. Mmoja katika kitendakazi kimoja (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu), mwingine katika kitendakazi cha pili, na yote miwili inasema jambo moja: weka alama kuwa sifuri. Hakigusi draiva ya skrini, ya kamera wala ya betri. Hakuna leseni ya kulipia wala mkataba wa kusaini. Mhandisi wenu angekiingiza kabla chai yake haijapoa, halafu kazi iliyobaki ni kujenga, kujaribu na kusambaza. Kazi hiyo naiheshimu, si ndogo, lakini ndiyo mliyojitwisha mlipoamua kuuza vifaa vyenye mfumo endeshi.

2. Tarehe inayoonekana kwenye skrini haisemi ukweli.

Hili ndilo lililonifanya niache kuwaandikia faraghani. Ukifungua Mipangilio, kisha Kuhusu tabuleti, sasisho la usalama la Android linasomeka 5 Juni 2023. Mtu wa kawaida akiiona tarehe hiyo anaridhika, maana yake ni kwamba viraka vya hadi siku hiyo vimo. Shuka mistari michache chini kwenye toleo la kerneli: 5.10.66, na tarehe ya kujengwa kwake ni ya mwishoni mwa 2021. Kerneli iliyojengwa 2021 haiwezi kuwa na kiraka kilichoandikwa Februari 2022. Skrini moja, tarehe mbili, na ya pili inaikanusha ya kwanza.

Hata hivyo sikutaka kutegemea maandishi ya skrini peke yake, kwa kuwa namba zinaweza kuandikwa vibaya. Nilichukua tabuleti moja isiyo na taarifa za mgonjwa yeyote, nikaunda faili la majaribio lenye sentensi moja, nikahakikisha limeandikwa kwenye hifadhi, nikaliwekea ruhusa ya kusomwa tu. Kisha nikaendesha programu ya majaribio kwa akaunti isiyo na mamlaka, ikilifungua faili kwa kusoma tu. Neno la katikati ya sentensi likabadilika. Nikazima na kuwasha tabuleti, nikalifungua tena: neno la awali limerudi mahali pake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndivyo udhaifu huu ulivyo. Mabadiliko yanafanyika kwenye ukurasa uliomo kwenye kumbukumbu, kerneli haiuhesabu ukurasa huo kuwa umebadilishwa, kwa hiyo haiuandiki kwenye diski. Ukija kuchunguza baadaye unakuta diski safi.

Suala la tarehe zisizolingana na yaliyomo si geni. Aprili 2018 watafiti wawili wa Security Research Labs ya Ujerumani, Karsten Nohl na Jakob Lell, walieleza jinsi walivyokuta simu za Android za watengenezaji mbalimbali zikidai kuwa na viraka ambavyo havimo. Niliposoma habari hiyo wakati ule nilidhani aibu yake ingetosha kuwafunza wote.

3. Mmetufungia tusijirekebishie wenyewe.

Tabuleti zenu zimefungwa tangu zinapoanza kuwaka, hivyo haziwashi kerneli yoyote isiyo na saini yenu. Sipingi kufuli hilo. Linazuia mtu aliyeiba kifaa asikipandikizie mfumo wake, na mahali penye taarifa za wagonjwa nalihitaji. Lakini kufuli hilo linaambatana na wajibu. Mwenye nyumba asiyetaka kutengeneza kitasa kilichovunjika angalau humwacha mpangaji aite fundi. Ninyi hamtengenezi, na fundi mmemzuia getini. Kiraka ninacho, uwezo wa kujenga kerneli ninao, kifaa ni mali yetu kwa risiti, na bado siwezi kukilinda bila idhini yenu.

4. Msimbo chanzo hamjautoa.

Kerneli ya Linux inasambazwa kwa leseni ya GPL toleo la 2. Leseni hiyo inamtaka anayeisambaza kerneli iliyojengwa ampe mpokeaji pia msimbo chanzo unaolingana nayo, yaani programu kama wahandisi walivyoiandika kabla ya kujengwa, pamoja na mabadiliko aliyoyafanya. Niliuomba. Nilielekezwa kwenye ukurasa wa kupakua ambao una msimbo wa tabuleti nyingine, ya zamani zaidi, inayotumia kerneli tofauti kabisa. Hii si fadhila ninayoomba. Ni sharti la ninyi kuitumia kerneli hiyo bure.

5. Bado mnaziuza. Tabuleti ya aina hiyohiyo, ikiwa mpya kwenye boksi, ukiiwasha na kuipa masasisho yote, inaishia kwenye kerneli ileile ya 5.10.66.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimeshapewa na mengine nimeyasikia kwa wenzangu wanaotumia vifaa vya kampuni nyingine.

Mtasema kiraka kimerudishwa kwenye kerneli ya zamani bila kubadili namba ya toleo. Hilo hufanyika kweli, na ni utaratibu halali. Ndiyo sababu nilifanya jaribio badala ya kuangalia namba tu. Mkiona jaribio langu lina kasoro, nionyesheni.

Mtasema mshambuliaji lazima awe tayari ndani ya kifaa. Ni kweli kwamba udhaifu huu hautumiki moja kwa moja kutoka mbali. Ila "ndani ya kifaa" maana yake ni programu yoyote iliyosakinishwa, hata ile ya kikokotoo inayoonyesha matangazo. Na wadukuzi hawatumii udhaifu mmoja mmoja, wanauunga. Wa kwanza unawaingiza kwenye kivinjari, wa pili, ambao kwa kawaida uko kwenye kerneli, unawatoa nje ya uzio na kuwapa kifaa kizima.

Mtasema kuna ulinzi mwingine, kama SELinux, yaani kanuni za ziada zinazobana kila programu iguse kilicho chake tu, na kadhalika. SELinux inatekelezwa na kerneli ileile. Unaweza kumchelewesha mtu na kumwongezea kazi, na hilo lina thamani, lakini ulinzi unaosimamiwa na kerneli hauwezi kuwa kisingizio cha kuiacha kerneli yenyewe na ufa.

Mtasema mtengenezaji wa chipu hajawaletea kerneli mpya. Kwa vifaa vya miaka ya nyuma ningewaelewa kidogo, maana msimbo wa chipu ulikuwa umesukwa humohumo ndani ya kerneli. Lakini vifaa vinavyotoka na Android 12 na kerneli ya 5.10 vinatakiwa kutumia kerneli ya pamoja, ambayo msimbo wa chipu umetengwa kwenye moduli zake, na lengo mojawapo la mpango huo lilikuwa hasa kuwaondolea watengenezaji kisingizio hiki. Tawi la 5.10 lenyewe limepangiwa kuhudumiwa na wasimamizi wa kerneli hadi Desemba 2026.

Mtasema hamna ushahidi kwamba mteja yeyote ameshambuliwa. Kwa udhaifu usioacha alama kwenye diski, sijui ni ushahidi gani mnausubiri. Aprili 2022 CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, iliuweka kwenye orodha yake ya udhaifu unaojulikana kutumiwa na washambuliaji. Orodha hiyo haiweki dhana.

Na mkiniambia kuandika hadharani kunawasaidia wadukuzi, nitawakumbusha tarehe: 7 Machi 2022. Wao walishajua siku hiyo. Wasiojua ni wateja wenu.

Nataka pia muone jambo kama hili huishia wapi. Novemba 2017 roboti ya kupima kerneli ilibaini kasoro katika binder, sehemu ya kerneli ya Android inayopitisha ujumbe kati ya programu. Ikarekebishwa mwanzoni mwa 2018 katika matawi kadhaa ya kerneli, kimyakimya, bila namba ya CVE na bila kuingia kwenye taarifa za usalama za kila mwezi za Android. Simu zikaendelea kutoka bila kiraka hicho. Septemba 2019 Maddie Stone wa Project Zero, timu ya Google inayotafuta udhaifu, akaibaini kasoro hiyohiyo, safari hii kukiwa na taarifa kwamba inatumiwa na mshambuliaji halisi, na ilifikika hata kutoka ndani ya uzio wa Chrome. Ndipo ilipopewa namba, CVE-2019-2215, na simu za kampuni kadhaa kubwa zikatajwa kuathirika. Dawa ilikuwa imekaa kabatini zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Upande wa Windows mnaikumbuka WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia: Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi 2017, shambulio likaja tarehe 12 Mei, na hospitali za Uingereza zikafuta miadi ya wagonjwa. Kwa taasisi kama yetu mfano huo hauko mbali.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, toeni sasisho la kerneli lenye kiraka cha CVE-2022-0847 ndani ya siku 30 tangu barua hii kuchapishwa. Ningependa kuona 5.10 ya karibuni, yenye viraka vingine vingi ambavyo sikuvitaja hapa. Mkishindwa hilo kwa sasa, mistari miwili inatosha kuanzia.

Pili, rekebisheni tarehe ya sasisho la usalama ilingane na yaliyomo. Kama kerneli ni ya 2021, skrini iseme hivyo. Afadhali tarehe ya zamani iliyo kweli. Nitajua cha kufanya nayo.

Tatu, chapisheni msimbo chanzo unaolingana na kerneli mliyoisambaza.

Nne, tangazeni kila tabuleti itahudumiwa hadi mwezi na mwaka gani, na muandike tarehe hiyo mahali mnunuzi anapoiona kabla ya kulipa. Kwa wanaouza katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 2024/2847, inayohusu usalama wa mtandao wa bidhaa za kidijitali, inalielekea jambo hili hata bila barua yangu: kwa jumla inataka muda wa huduma usiopungua miaka mitano, na wajibu wake mwingi unaanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027. Hakuna sababu ya mteja wa mahali pengine kupewa pungufu.

Tano, wekeni anwani ya kupokea taarifa za usalama inayosomwa na binadamu anayeijua kerneli. Mfumo wa sasa unaipanga taarifa ya udhaifu kwenye foleni moja na malalamiko ya chaja.

Na kama hamkusudii kufanya la kwanza, basi tupeni njia rasmi ya kufungua kufuli la kuwashia kwa taasisi zinazoomba, bila kufuta dhamana, na ituruhusu kulifunga tena kwa saini yetu wenyewe baada ya kuweka kerneli iliyorekebishwa. Kazi iliyobaki tutaifanya sisi.

Kwa sasa tabuleti zote tumezitoa kwenye mtandao wenye taarifa za wagonjwa, na tumezuia usakinishaji wa programu yoyote isiyo kwenye orodha yetu. Wauguzi wamerudi kwenye madaftari na kuingiza taarifa kwa kompyuta ya ofisini jioni. Wamenung'unika, na wana haki.

Programu ya majaribio, hatua zake na matokeo ya tabuleti niliyoipima viko tayari. Nitamkabidhi mhandisi wenu yeyote atakayejitambulisha kupitia namba ya tiketi iliyopo, kwa barua pepe iliyosimbwa. Siku 30 zikipita bila jibu, nakala itakwenda kwa kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, pamoja na jina la kampuni na aina ya tabuleti.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa mifumo,
kwa niaba ya taasisi inayotumia tabuleti zenu.